Mgongo wa Madoa

Mwashi aliingiza mguu kwenye buti lake la kazi, akasikia kitu kimepasuka. Alipouchomoa, soksi yote ilikuwa imelowa yai.

"Mke wangu!" aliita. "Njoo uone mambo haya!"

Mkewe alitoka uani na bakuli la pumba mkononi. Alitazama soksi, akatazama buti, akaangua kicheko.

"Kumbe Madoa ametaga! Basi anapona."

Mwashi hakucheka. Madoa alikuwa mtetea mwenye kidonda mgongoni, na alikuwa amelazwa chumbani mwao, kwenye beseni kando ya kitanda. Kabla yake alilazwa Kishungi. Kabla ya Kishungi, yule mweupe. Chumba kilinuka kinyesi cha kuku. Manyoya yalikutwa hata kwenye chai.

Kazi ya Mwashi ilikuwa kujenga kuta za watu. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa barazani. Wote wawili waliwapenda kuku, ila kila mtu alikuwa na wake. Mke aliwapenda mitetea saba. Mume aliwapenda majogoo watatu, akawapa na vyeo: Mwenyekiti, Naibu na Katibu. Walipowika alfajiri, alitabasamu kama wanamsalimia yeye.

Asubuhi hiyo alivaa soksi nyingine, kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Jana nilikuomba unikande mgongo. Ukasema nisubiri umalize kumpaka Madoa dawa. Nikasubiri mpaka usingizi ukanichukua."

"Sasa ningefanyaje? Mwenzako ana kidonda."

"Na mimi je? Nabeba matofali kutwa! Mgongo wa kuku unapakwa dawa, wangu unapakwa simenti. Sikiliza, mke wangu. Leo nikirudi nikikuta kuku chumbani, nachukua mkeka wangu nahamia kwa dada."

Akaenda zake kazini.

Mkewe aliingiwa na hofu. Alimpenda mumewe, na alijua si mtu wa vitisho vya bure. Tena huyo wifi yake alikaa mtaa wa pili tu, na mdomo wake haukuwa na pazia. Habari zingeenea mtaa mzima kabla ya jioni.

Basi akamtoa Madoa kwenye beseni, akampeleka bandani. "Nenda kwa wenzako," alimwambia. "Umenitosha."

Wenzake hawakumtambua. Madoa alikuwa amekaa chumbani siku nyingi, na sasa walimwona mgeni. Kishungi alimdonoa kichwani. Mwingine akamfukuza kwenye maji. Kisha Mwenyekiti akaja mbio, akampanda mgongoni na miguu yake mizito. Kidonda kikafunguka, damu ikapenya kitambaa alichofungwa. Kuku wengine walipoiona damu, wote wakaanza kuidonoa.

Mke alimnyakua. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, Madoa mapajani, machozi yakamtoka. Akimrudisha bandani, kuku atakufa. Akimwingiza chumbani, mume ataondoka.

"Hodi hapa!"

Aliyebisha hodi alikuwa mtaalamu wa mifugo. Watu wote walimwita Bwana Mifugo, ingawa ni mwanamke na ana wajukuu. Cheo kilimkuta hivyo, naye hakuona sababu ya kugombana nacho.

"Nimefuata koti langu la kazi, mdogo wangu. Uliniambia litakuwa tayari wiki iliyopita."

"Nisamehe, dada. Hata sijalikata. Nauguza."

Bwana Mifugo alichutama, akamtazama Madoa. Mgongoni alifungwa kitambaa cha bluu, kimeshonwa vizuri, tena kina kamba za kupitisha chini ya mabawa. Alikifunua taratibu.

"Umempaka nini hapa?"

"Majivu na mafuta ya taa. Nilifundishwa hivyo."

"Aliyekufundisha hakuwahi kupakwa yeye," alisema Bwana Mifugo. "Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na majivu yanaingiza uchafu. Chemsha maji, tia chumvi kidogo, yaache yapoe. Lete na kitambaa safi."

Walikiosha kidonda pole pole mpaka uchafu wote ukatoka, wakakikausha bila kukisugua. Bwana Mifugo akatoa kwenye mkoba wake kichupa cha dawa ya vidonda vya mifugo, akampaka.

"Hii inapatikana kwenye duka la dawa za mifugo. Asubuhi na jioni, basi. Si kutwa nzima. Hiki kitambaa chako ni kizuri sana, lakini kidonda kibichi hakifunikwi. Kinaoza. Kikishakauka na ngozi ikafunga, ndipo umvalishe, kimkinge. Haya, tunawe mikono kwa sabuni. Analala wapi mgonjwa wako?"

Mke aliinamisha uso. "Chumbani kwetu."

"Mnapolala? Kinyesi cha kuku na vumbi la manyoya huleta maradhi kwa watu. Tena unapomficha huko, wenzake wanamsahau. Akirudi wanampiga, unamwingiza tena. Hospitali yako haitafungwa, mdogo wangu."

Wakaenda bandani. Bwana Mifugo aliwashika mitetea mmoja mmoja. Migongo yao karibu yote haikuwa na manyoya.

"Majogoo wako wangapi?"

"Watatu. Yule mkubwa ni Mwenyekiti. Yule ni Naibu. Yule mdogo ni Katibu."

Bwana Mifugo alicheka mpaka akashika kiuno. "Viongozi watatu kwa raia saba! Unashangaa nini wananchi kuchubuka? Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hata kumi. Wakizidi, mitetea hawapumziki. Wanapandwa kutwa, kucha zinawachana."

"Majogoo ni wa mume wangu. Hatakubali."

"Ameiona migongo hii?"

"Hapana. Wagonjwa ni kazi yangu."

"Umewahi kumwonyesha?"

Mke alitikisa kichwa. Hakuwahi. Kila kidonda alikiosha peke yake na kukifunika kwa kitambaa. Mumewe alichokiona ni beseni na kinyesi tu.

Alasiri Mwashi alirudi. Alipitiliza hadi chumbani, akalikuta beseni bado liko pale pale. Hakuangalia kama lina kuku au halina. Alichukua mkeka wake, akatoka nao kwapani. Uani akamkuta mkewe na mgeni.

"Shikamoo," alimwambia Bwana Mifugo.

"Marahaba, shemeji. Unasafiri?"

Kabla hajajibu, mkewe alisimama mbele yake.

"Mume wangu, sikukatazi kwenda. Ila kabla hujaenda, nishikie huyu."

Akamwekea Madoa mikononi. Mwashi alikuwa hajawahi kumshika. Alishangaa wepesi wake. Kisha akauona mgongo, mwekundu, umechanika pande mbili.

"Nani kamfanya hivi? Paka?"

"Mwenyekiti."

Mwashi alifungua mdomo kubisha. Wakati huohuo bandani Mwenyekiti alimpanda Kishungi, na Kishungi akapiga ukelele. Alipojinasua tu, Naibu naye akamrukia. Mwashi alitazama yote hayo. Aliona haya. Kelele zile alizisikia kila siku, akidhani ni kuku wanacheza.

Aliweka mkeka chini.

"Kwa nini hukuniambia, mke wangu?"

"Nilidhani utasema ni mambo ya kuku tu."

"Ningesema hivyo kweli," alikubali Mwashi. Kisha macho yake yakaangukia kile kitambaa cha bluu kwenye kamba ya nguo. "Hebu, hebu. Hili si shati langu?"

"Ulisema linakubana."

"Kumbe mgonjwa kanishinda hata mavazi!"

Wote watatu wakacheka. Bwana Mifugo akasema, "Shemeji, huyu anahitaji chumba chake. Kiwe kando ya banda, katikati pawe na wavu, ili waonane bila kudonoana. Na majogoo wawili waondoke."

Hapo Mwashi alikuna kichwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyemlea Mwenyekiti tangu kifaranga. "Dada yangu ana mitetea zaidi ya kumi," alisema mwishowe, "na jogoo wake alikufa." Sauti yake ilikuwa ya chini.

Basi aliyehamia kwa dada akawa Mwenyekiti. Naibu aliishia kwenye sufuria. Akabaki Katibu, ambaye ni mwepesi na mpole.

Kesho yake Mwashi alijenga chumba cha wagonjwa kwa vipande vya matofali, akatia wavu na mlango. Alijenga kwa kamba na pima maji, kana kwamba ni nyumba ya tajiri. Wakagawana kazi pia. Asubuhi yeye humpa mgonjwa maji na chakula na kumpaka dawa. Jioni ni zamu ya mke, naye akimaliza hunawa, hufunga mlango wa banda, na habari za kuku huishia hapo. Koti la Bwana Mifugo lilishonwa, likavaliwa.

Ngozi ya Madoa ilipofunga, walimvalisha shati lake la bluu. Wakamrudisha bandani jioni, wenzake wakipanda kulala. Asubuhi waliamka pamoja, na hakuna aliyemdonoa. Sasa manyoya yameota, na anataga kwenye kiota. Hata hivyo Mwashi hukung'uta buti kwanza kabla ya kulivaa.

Jioni moja alivua shati, akakaa kwenye kigoda chumbani. Mkewe akafungua kichupa.

"Hiyo si ya kuku?" Mwashi aliuliza kwa wasiwasi.

"Ya kuku iko bandani. Hii ni yako. Tulia."

Akamkanda mabega mpaka kiuno, bila haraka.

Alfajiri Mwenyekiti huwika kutoka mtaa wa pili. Mwashi humsikia, hugeuka kitandani, husema, "Pale ndipo ningekuwa mimi."

"Na ungewika hivyohivyo," mkewe hujibu.