Wimbo wa Tisa Hauna Maneno

Siku ya kwanza waligombana kabla hawajasalimiana. Ijumaa alasiri, dukani kwa dobi, watu wamebanana mpaka mlangoni, kila mmoja anataka nguo yake ya harusi au ya safari. Mwanamke mrefu, kitambaa cha kijani kichwani, gitaa mgongoni, aligeuka kidogo tu, na shingo ya gitaa ikaangusha mashati sita yaliyokwisha kunyooshwa.

"Dada, hilo gogo lako lina leseni?" dobi akafoka.

"Na wewe mashati yako umeyatundika njiani, yanamsubiri nani?"

Watu wakacheka. Mwanamke akainama, akayaokota yote sita, akayakung'uta moja moja. Dobi, ambaye mtaa mzima ulimwita Pasi, akasahau tusi alilokuwa ameliandaa.

Mwanamke alikuwa mwimbaji, anatunga mwenyewe, na gauni alilolileta lilikuwa la picha za albamu yake ya kwanza, aliyokuwa bado anairekodi. Alilifuata gauni. Wiki iliyofuata akaleta mapazia yasiyo na hata doa. Dada yake Pasi, anayekaa kaunta, akayatazama, akasema, "Haya hayakuja kufuliwa. Yamemsindikiza mwenyewe." Miezi minne ikaenda hivyo, simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula mvuke."

Albamu ilipotoka akamletea sidii. "Usiniambie ni nzuri," akasema. "Watu wameniambia nzuri, nzuri, mpaka neno limechuja. Niandikie unachosikia, wimbo kwa wimbo. Na wa tisa, laazizi, usiuharakishe."

Pasi akasikiliza siku tatu kwenye redio yake kuukuu, huku akinyoosha nguo za watu. Akaandika nyuma ya stakabadhi za duka:

*Wa kwanza: nimepunguza moto wa pasi, mkono umekuwa mzito. Wa pili: huyu anamdanganya mama yake, na mama anajua. Wa nne nimeurudia mara tano, na hauna maringo yoyote. Wa tano: ngoma zimezidi, umejificha nyuma yake kama mtoto ndani ya koti la kaka yake. Wa saba nilidhani unaimba mvua, kumbe unamwimba baba yako. Nimekaa chini. Wa tisa: gitaa tupu, hakuna maneno. Umefanya vizuri kunyamaza. Maneno yangeuharibu.*

Mwimbaji alisoma akiwa amesimama mlangoni. Alipofika mwisho akarudi juu mstari mmoja, akausoma tena. "Asante kwa ukweli wako," akasema, akaondoka. Tangu hapo Pasi akipiga, simu inaita mpaka inachoka.

"Umemwambia nini?" dada mtu akauliza siku ya nne.

"Ukweli."

"Ukweli gani huo unaofukuza watu? Shangazi yake anayekaa naye alipita hapa. Kesho mwimbaji wako anaondoka, ziara ya miezi mitatu. Huko inakoishia wamempa kazi ya kufundisha muziki, na anasema huenda asirudi tena."

Pasi akajua kilichomkera ni zile ngoma. Mwalimu wa udereva alipofika kuchukua suti, akamshika mkono. "Mwalimu, nisikilizie wimbo mmoja. Ngoma zimezidi, au mimi ndiye mkorofi?"

Wakakaa garini nje ya duka, Pasi kiti cha mwanafunzi, nyuma ya usukani, wakaiweka sidii. "Zimezidi," mwalimu akakata shauri, lakini albamu ilikuwa imemkolea, akaiacha iendelee. Ukaingia wa tisa. Gitaa likatoka spika ya mlango wa kushoto, lilelile analolijua Pasi. Kisha mlango wa kulia, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya chini ikaanza:

*Nikirudi nishukie wapi, kwa shangazi au kwako?*
*Ukinyamaza nitajua.*

"Mwalimu! Huyu nani?"

"Nani tena? Mwenye albamu. Gitaa kaliweka kushoto, sauti kaiweka kulia, kama watu wawili waliokaa mbalimbali chumbani. Kwani wewe unasikilizia wapi?"

Pasi akashika kichwa. Spika ya kulia ya redio yake ilikufa mwaka juzi, ilipomwagikiwa maji ya pasi, naye alishazoea hata hakumbuki.

Akapiga kwa simu ya dada yake. Ikapokelewa.

"Ni mimi, usikate! Redio yangu ina spika moja. Wa tisa sikuusikia, nimeusikia sasa hivi."

Akajibu polepole: "Nimekuuliza mbele ya dunia nzima, ukanijibu bora ningenyamaza. Unajua nimelalaje siku hizi?"

"Nisamehe, mama."

"Na ngoma za wa tano? Nazo ni spika?"

Hapo angeweza kuteleza kirahisi. "Hapana. Hizo nilizisikia vizuri. Zimezidi."

Akasikia pumzi, haikujulikana kama ni kicheko au kilio. "Basi nitakuamini na jibu la wa tisa. Lakini si kwa simu. Njoo umwambie shangazi. Mimi nitakuwa chumba cha pili, nasikiliza."

Mwalimu wa udereva akampeleka, na kwa mara ya kwanza maishani akaendesha kwa fujo.

Shangazi alimkalisha kwenye kiti kigumu, akamtazama kuanzia viatu. "Msafiri anaondoka kesho, wewe unakuja leo. Haya, sema."

"Akirudi, shangazi, ashukie kwangu."

"Kama nani?"

"Kama mke wangu."

"Wewe kazi yako kufua nguo za watu. Na za mkeo atafua nani?"

"Mimi, shangazi. Hata mapazia yasiyo na doa."

Nyuma ya pazia la mlango wa chumba cha pili mtu akaangua kicheko. Shangazi akajitahidi kukunja uso, akashindwa. "Wee binti," akaita, "toka huko. Umeshajibiwa."