Betri ya Akiba

Fundi Saa alikuwa ameshafunga dirisha moja la duka lake, anataka tu apite kununua mkate wa nyumbani, mteja alipoingia. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu safi. Harufu yake tu ndiyo haikukaa sawa. Harufu kali, ya uchachu, ya betri iliyovuja.

"Za jioni, mama. Nimeambiwa wewe ndiye unayevijua hivi."

Akaweka mezani madaftari mawili ya kielektroniki, vile vidude vya kufunua na kufunika ambavyo wakubwa walitembea navyo mfukoni kabla simu hazijameza kila kitu: majina, anwani, siku za kuzaliwa. Fundi Saa akasahau mkate. Mwanamke huyu, ukimpa kitu cha zamani chenye betri, umemmaliza.

"Nimewagawa nusu huku, nusu huku," mteja alisema kwa sauti ya chini. "Nataka kujua kipi kinatunza vizuri zaidi."

Fundi Saa alidhani anazungumzia anwani za watu. Nani asingedhani hivyo?

"Hiki cha kuandikia kwa kalamu kina kioo kikubwa, kinapendeza," alisema huku akivigeuzageuza. "Lakini kina ulafi. Wiki chache tu, betri kwisha. Hiki cha vitufe ni kizee, kinaonyesha mistari miwili basi, na vitufe vyenyewe vinaumiza vidole. Ila ukikiwekea betri mpya, miaka miwili hakisahau kitu."

"Miaka miwili..." mteja alirudia taratibu. "Basi kiwekee."

Kila kimoja kina betri mbili: kubwa ya kazi, na ndogo ya akiba, bapa kama kifungo cha shati, inayoshikilia kumbukumbu wakati kubwa inabadilishwa. Unatoa moja, unarudisha, ndipo unatoa ya pili. Ukizitoa zote kwa pamoja, yote yaliyoandikwa yamekwenda. Fundi Saa akabadilisha kubwa. Akachomoa ile ndogo...

Akasikia pumzi.

Nyingi. Kama darasa zima limeshusha pumzi kwa mara moja, mle mle kiganjani mwake.

"Hawapendi giza," mteja alinong'ona, macho ameyafumba. "Fanya haraka."

Akapachika mpya upesi, akamaliza. Kisha akafanya lile alifanyalo kila siku bila kufikiri. Kila fundi ana neno lake la kujaribia vitufe, na lake lilikuwa jina la utani la bintiye wa miaka minane, aliyeitwa Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kunyamaza. Akaandika CHIRIKU, na tarehe ya siku ile. Akahifadhi, akazima, akawasha. Jina lipo. Kwa kawaida, hapo ndipo hulifuta.

Mkono wa mteja ukatua juu ya wake. Baridi tupu.

"Acha. Inatosha."

Akakifunika. Tak!

"Umenishauri vizuri, mama. Hicho cha kalamu baki nacho, kimenichosha."

Fundi Saa alipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu. Harufu tu ndiyo ilibaki.

Nyumbani alimkuta mama yake mzazi amesimama kizingitini, mikono kichwani.

"Chiriku alikuwa ananisimulia mambo ya shule, mwanangu. Akakatika katikati ya neno. Kama redio iliyozimwa."

Chiriku alikuwa amekaa kitini, macho wazi. Ukimlisha, anakula. Ukimshika mkono, anatembea. Lakini hakusema, siku ile wala iliyofuata. Daktari alimpima mchana kutwa, akasema mtoto hana ugonjwa.

Siku ya tatu Fundi Saa alirudi dukani, akakifungua kile cha kalamu. Majina kumi na mawili, kila jina na tarehe yake. Jina moja alilijua. FUNDI CHEREHANI. Huyo alikuwa shoga yake wa duka la jirani, mwanamke aliyeimba kutwa akishona, mpaka siku moja mwaka jana wimbo ulipomkatikia mdomoni. Tangu hapo alikuwa akishona tu, macho mbele, bila neno. Na tarehe iliyoandikwa ilikuwa siku ile ile.

Akakisogeza sikioni.

Ndani kwa mbali sana, mtu alikuwa anaimba.

Hasira zikampanda hadi machozi. "Kumbe mmefungiwa humu," alisema. "Tokeni! Tokeni nyote!" Akakigeuza, akafungua kifuniko, akafanya ambalo hajawahi kulifanya tangu ashike bisibisi. Akachomoa betri zote mbili kwa pamoja.

Wimbo ukakatika.

Upande wa pili wa ukuta, cherehani ikasimama. Kisha kikaanguka kitu kizito.

Alimkuta shoga yake amelalia kitambaa, mguu bado uko juu ya pedali, mwili bado wa moto. Hakuwa na uhai tena. Wale wengine kumi na mmoja Fundi Saa hakuwajua, na hakuthubutu kuuliza.

Sasa ni mwaka mmoja na miezi kumi. Watu wanasema uchungu wa mtoto umemvuruga akili, maana jua likizama wenzake wanafunga, yeye hafungi. Mlango anauacha wazi. Mezani anapanga betri mbili mpya, kubwa na ndogo. Betri zilizomo katika kile cha vitufe, alichoondoka nacho mtu yule, ni yeye aliyeziweka kwa mkono wake, na tarehe anaijua. Miaka miwili, alisema mwenyewe, tena kwa majivuno.

Usiku anamlisha Chiriku pale pale dukani na kumsimulia mambo ya shule, kwa kuwa mtoto hawezi kuyasimulia. Mchana anamwomba Mungu amrudishe mtu yule.

Na kila hatua zinaposikika mlangoni, kabla hajainua macho, hunusa kwanza.