Visanduku Vitano Vilivyokuwa Baridi

Kitu cha kwanza nilichogundua kilikuwa kidogo sana. Ubaridi.

Nilikuwa juu ya ngazi, nafuta vumbi kwenye visanduku vyeupe vya Wi-Fi vilivyofungwa kwenye dari ya ofisi. Vilikuwa tisa. Vinne vina joto kama tumbo la paka aliyelala. Vitano... baridi kama sahani.

Nikashuka. Sikusema kitu. Mimi ni msafishaji tu, shule niliishia darasa la tano, na mbele za watu ulimi wangu huwa mzito.

Wiki tatu baadaye nilisimamishwa mbele ya bosi, naitwa mharibifu!

"Ni huyu!" Fundi wa mtandao alininyooshea kidole. "Akifagia anachomoa nyaya. Ndiyo maana mtandao unakufa!"

Jamani... huyo fundi ni shemeji yangu! Mume wa dada yangu, tumbo moja. Nalala kwake, nakula kwake. Ndiye aliyenitafutia kazi, kwa sharti moja: ofisini nisimwite shemeji. Hakuna aliyejua.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Ofisi ilikuwa inaajiri watu arobaini wapya wa kupokea simu za wateja. Bosi akamwambia shemeji apige hesabu: vifaa vitakuwa vingapi, na visanduku vingapi vitatosha.

Shemeji akanituma mimi.

"Wewe si unafuta kila meza? Usihesabu watu. Hesabu vinavyokula mtandao."

Nikahesabu. Mtu mmoja, kompyuta moja, simu mbili, mwingine na saa ya mkononi juu! Tukijumlisha na vya wanaokuja, mia mbili na sitini. Shemeji akaandika visanduku tisa. Bosi akakubali, vikanunuliwa.

Wapya walipoingia tu na kuwasha mashine zao, mtandao ukakwama. Simu za wateja zikawa zinakatika katikati ya neno. Kila asubuhi.

Na sasa mwenye kosa nikawa mimi.

"Kesho usije," bosi aliniambia.

Kwenye korido, shemeji akaniinamia sikioni.

"Yameze tu, shemeji. Ukibwabwaja, dada yako na watoto watakula nini?"

Alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu lilinitisha kuliko kidole chake.

Maana nilijua vitu vya ndani ya visanduku viko wapi: vilianza kuwaka taa mtaani kwetu wiki ile ile visanduku vilipofungwa ofisini. Kimoja juu ya kabati la vyombo, kimoja sebuleni, vitatu kwa majirani. Mtaa mzima ulikuwa unakula intaneti ya shemeji, na dada akitamba: "Mume wangu kichwa, nyie!"

Shemeji alipoondoka, nikarudi kwa bosi. Nimebeba ngazi yangu.

"Mama... panda ngazi."

"Nini?"

"Vishike kwa mkono. Visivyo na joto, vifungue."

Akavua viatu vya visigino, akapanda kweli. Akafungua cha kwanza. Ganda tupu! Cha pili... ganda!

"Vya ndani viko wapi?"

Nikashika ngazi isiyumbe.

"Nyumbani kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kwa fundi. Mimi ni shemeji yake."

Bosi akashuka, akavaa viatu vyake. Kisha akaniapia kwamba hatanitaja.

Kesho yake akaleta fundi wa nje, eti ukaguzi wa kawaida. Shemeji akafukuzwa. Wiki ile ile akatoka nyumbani na begi moja... mpaka leo hajarudi.

Mimi nilibaki na kazi. Siku hizi bosi haajiri mtu kabla sijapita mezani kuhesabu.

Lakini nyumbani!

"Kuna nyoka alimchongea mume wangu," dada hunililia. "Nikimjua, mdogo wangu, nikimjua..."

Na mimi, nimembeba mwanawe mgongoni, huitikia: "Mungu atamlipa, dada."

Ndugu zangu, msinyamaze kwa kuwa mkosaji ndiye anayewalisha. Wiki zangu tatu za ukimya ndizo zilizompa kiburi. Ningemuuliza siku ile ile, pengine angevirudisha, na watoto wangekuwa na baba.

Dada, najua huwa unasoma ukurasa huu.

Aliyesema ni mimi.