Hodi ya Kila Siku

Haya yalimfika rafiki yetu Thuku, mlinzi wa nyumba ya mapumziko kule Kuruwitu, ambayo tajiri mwenye nyumba hajaikanyaga mwaka wa pili huu. Upweke ulimchosha hata akawa, kila arudipo kutoka dukani, anapiga hodi mlangoni na kujiitikia mwenyewe, "Karibu."

Adhuhuri moja alikwenda kununua kiberiti. Bi Nasiba, mwenye duka, akamuuliza, "Mgeni wako hajambo?"

"Mgeni yupi?"

"Huyo mnayegombana naye kutwa. Sauti zenu zinafika huku, mwanangu."

Thuku alirudi amekasirika. Ni kweli alizoea kujisemesha, lakini nani mwingine angesema naye? Tajiri hapokei simu, nduguze hawapigi. Alikuta madirisha yamefungwa vilevile, na ndani giza tupu. Kwa mazoea akapiga hodi, akavuta pumzi ajiitikie.

Ndani kiti kiliburutwa sakafuni. Nyayo zikaja polepole hadi nyuma ya mlango. Halafu akaisikia sauti yake mwenyewe, imechoka na kukasirika kama yeye.

"Hodi gani hizi kila siku? Mimi hapa naishi peke yangu."

Kisha komeo likasukumwa kwa ndani.