Nje ya Picha

Haya yalimpata fundi mmoja wa televisheni, rafiki wa shemeji yangu, mtu wa maneno ya shombo aliyewaona wateja wote mabwege. Mchana mmoja aliitwa na bibi mjane aliyenunua televisheni pana kama mlango, akaitumia kutazama mkanda wa video wa harusi yake ya miaka arobaini iliyopita.

“Fundi, nyuma yetu kuna mwanamume. Siku ile hakuwepo.”

Kweli, nyuma ya maharusi alisimama mtu mrefu, uso kama umefunikwa na ukungu. Fundi akacheka puani.

“Bibi, mkanda wako una nukta chache, kioo hiki kina mamilioni. Zinazopungua, televisheni inajibunia yenyewe. Huyo ni doa la ukutani tu. Hata mtoto wa chekechea anajua.”

“Basi mwondoe.”

Akavuta pazia chumba kiwe giza, akashusha sauti mpaka mwisho, akazima ule ukuzaji wa picha unaojaza nukta huku akiguna kwa kuchoshwa na ushamba wa watu. Picha ikanywea ikawa kama bahasha katikati ya kioo, pembeni kote kukabaki weusi. Nyuma ya maharusi, ukuta mtupu.

“Umeona? Uzee huo, bibi.”

Mashine ya mkanda ilikuwa ikivuma. Kisha mtu akakohoa, polepole, ndani ya spika ya kushoto, na fundi akageuza macho upande huo.

Kwenye weusi, nje ya picha, yule mtu alikuwa bado amesimama. Amewapa maharusi mgongo, na uso wake haukuwa na ukungu tena.