Kilicholala Mguuni mwa Mama

Majibu ya maabara yalisema dawa inafanya kazi. Siku ya tatu ya dripu, mguu wa Mama wenye kidonda ulianza kugonga.

Haukutikisika. Sauti ilitoka ndani ya mfupa, ko, ko, kama fundi anayepima ukuta kabla ya kuubomoa. Binti yake, mpimaji katika maabara ya hospitali hiyohiyo, aliisikia saa nane mchana alipoleta uji. Daktari alikuwa ameshasema: homa isiposhuka kufikia kesho jioni, mguu unakatwa.

"Mama, tangu lini?"

"Nikimeza tu vidonge vyangu, kinaamka."

"Vidonge gani?"

Mama akatoa bahasha chini ya mto. Eritromisini, antibiotiki ya kununua duka la dawa. "Usinikaripie, mwanangu. Nilitaka nipone haraka nisikuchoshe. Cha mchana nimeshameza."

Harufu ilitangulia, ya chuma kilicholowa, kisha bandeji ikainuka na kushuka kama kifua cha mtu anayeota, na kugonga kukapanda kutoka kifundo hadi gotini, na ndani ya kitambaa, si kinywani mwa Mama, sauti ikasema taratibu, "Mlinipima nikiwa nimelala."

Mpimaji alirudi maabara mbio. Mkuu wake, waliyemwita Nusu Sahani kwa sababu alibana sampuli za wagonjwa wawili kwenye sahani moja ya kuoteshea vijidudu, alikuwa anakunywa chai.

"Nani aliondoa kipande cha karatasi chenye eritromisini kwenye vipimo?"

"Mimi. Wodini hawaitumii. Nipime dawa isiyotumika, nimekuwa chizi?"

"Hakikuwa cha kutibu. Kilikuwa cha kumwamsha! Huyu kijidudu kinga yake ameikunja kama mwavuli. Haifungui mpaka aonje eritromisini. Akishaifungua, dawa ya dripu nayo haimpati. Ndiyo maana vipande viwili, cha eritromisini na cha dripu, huwekwa jirani."

"Punguza sauti, bibie."

"Sipunguzi. Miezi saba tunaandika 'inafanya kazi'. Mama yangu yuko kitanda cha nne!"

Alipandikiza usaha wa Mama kwenye sahani nzima, vipande viwili jirani. Kesho yake asubuhi, duara safi, pasipoota vijidudu, kuzunguka dawa ya dripu lilikuwa limekatwa upande mmoja, ule unaoelekea eritromisini, kana kwamba limeng'atwa. Alipofunua kifuniko, sahani ilivuta pumzi. Hakurudi nyuma. Hasira ilizidi woga.

"Nimekuona," aliiambia.

Daktari alitazama sahani, akatukana kwa sauti ya chini, akabadilisha dawa. Vidonge vya Mama vikaenda kwenye pipa la taka. Tone la kwanza la dawa mpya lilipoingia mshipani mguu uligonga kwa nguvu hata kitanda kikasogea, nesi akashika reli na kumwita mkuu wa zamu kwa mnong'ono, "Sista, njoo, njoo upesi," na harufu ikajaa wodi nzima, wagonjwa wakafunika pua, na kile kilichokuwa ndani ya bandeji kikalia kwa sauti nyembamba, ndefu, iliyoendelea kwa muda mrefu kuliko pumzi ya kiumbe yeyote, kisha ikakatika.

Jioni homa ilishuka. Mguu ulibaki.

Mpimaji hakukaa kushangilia. Alichukua daftari la miezi saba, lenye majina na namba za wagonjwa, akalitupa mezani kwa Nusu Sahani na kumsogezea simu.

"Piga. Mmoja mmoja. Waambie tulikosea."

"Wote hawa?"

"Wote."

Wa kwanza alipokea, akashukuru. Wa pili alipokea mkewe, akalia. Wa tatu simu ilipokelewa kabla haijaita.

"Naulizia mgonjwa wa kidonda," alisema Nusu Sahani.

"Mwenyewe hayupo," sauti ilijibu, na nyuma yake kukasikika ko, ko. "Nimebaki mimi. Wewe ndiye uliyeandika kwamba dawa inaniua?"

Nusu Sahani alitaka kukata. Mpimaji akamshika mkono.

"Mjibu," alisema.