Shingo ya Kipikipiki cha Ezron

Mlio wa injini ulikatika saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi. Ferista alizijua dakika kwa sababu alikuwa ameshika simu, akimsubiri Ezron atokeze kwenye mteremko wa kwenda Msitu wa Ipapa ili ampige picha. Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya kijiji cha Mbebe. Injini ilinguruma ghafla kama mashine iliyoangusha mzigo, halafu kimya. Ferista akasubiri kusikia matusi, maana Ezron hakuwa mtu wa kuanguka akanyamaza. Hakusikia kitu. Akaanza kukimbia.

Alimkuta katikati ya mteremko, kichwa kimegonga jiwe, macho wazi, hana pumzi. Kipikipiki kilikuwa kimelala hatua sita juu yake. Gurudumu la mbele, pamoja na usukani wake, lilikuwa ng'ambo ya njia, limejitenga na mwili wa chombo kana kwamba halikuwahi kuungwa.

Kile chombo kilikuwa kazi ya wiki tano. Gwamaka, kaka yake Ferista, alikiunda na Ezron katika karakana yao pale kijijini: fremu ya mabomba ya maji, injini ya mashine ya kumwagilia, tairi nene za bajaji. Kifupi mno, ukikipanda magoti yanakaribia kidevu. Watoto walicheka, lakini kilipanda njia ambazo hakuna bodaboda iliyowahi kuzigusa. Ezron alikuwa mlinzi wa msitu wa kijiji. Kwa miguu alitumia saa tatu kufika kwenye chemchemi inayolisha bomba la kijiji, na kila akifika alikuta visiki vibichi na unga wa msumeno. Kwa kipikipiki ilikuwa dakika arobaini. Wakata mbao wangemsikia akija, ndiyo, lakini wasingewahi kuondoka na mbao.

Kufikia saa tano, uwanja wa Ezron ulijaa watu. Mkewe, Eva, alikaa chini bila kulia, na hilo lilitisha kuliko kilio. Mzee Sadoki, mwenyekiti wa kamati ya msitu, alifika amezungusha skafu shingoni na kushusha kofia, macho mekundu yamevimba. Watu wakamsogezea kiti. Mtu mwenye moyo huyu, wakasema. Jana alimlilia Mzee Mbonile, na leo msiba mwingine.

"Nimechomelea madirisha Tunduma miaka tisa," Sadoki alisema. "Nilimwambia Ezron, bomba la maji si chuma cha pikipiki. Huyo kijana Gwamaka atakuua. Hakunisikia."

Haya, maneno ya mzee wa heshima penye msiba ni kiberiti penye nyasi kavu. Kaka zake Ezron hawakupiga kelele. Walimwambia Ferista polepole, mmoja baada ya mwingine, kwamba kesho saa nane wanamzika ndugu yao, na wakitoka kaburini karakana itakuwa majivu. Inspekta Osward alipofika kutoka wilayani alimfunga Gwamaka pingu, nusu kumshtaki na nusu kumwokoa.

Saa nane mchana Ferista aliingia ofisi ya kijiji. Vipande vya kipikipiki vilikuwa sakafuni, na Osward ameviinamia, daftari mkononi.

"Shikamoo, Afande. Mimi ni dada yake mtuhumiwa."

"Marahaba. Basi huna cha kuniambia nitakachokiamini."

"Usiniamini. Amini chuma. Kazi yangu karakana ni moja: kaka akishachomelea, mimi nagonga ganda na kupaka rangi. Hakuna mshono unaotoka pale bila kupita kwenye nyundo yangu. Niruhusu niiangalie hiyo shingo."

Shingo ni lile bomba la mbele linaloshika usukani. Lilikatikia pale linapoungana na fremu. Ferista akakwaruza rangi kwa ufunguo. Chini yake kikabanduka kigaga cheusi, kinang'aa kama chupa.

"Hili ndilo ganda, Afande. Chuma kikichomelewa kinabaki nalo juu. Lazima uligonge kwa nyundo, ndipo upake rangi. Huyu amepaka juu yake."

"Uvivu."

"Kwa mtu aliyefundishwa na baba yetu? Tazama na huku." Akaonyesha mahali palipokatika. Zaidi ya nusu ya bomba ilikuwa imekatwa, mistari myembamba imejipanga. "Huu ni msumeno wa mkono. Karakana ina grinda, inakata bomba hili kwa dakika moja. Huyu ameona afadhali asugue nusu saa, halafu akafunika jeraha kwa mshono wa juu juu usioshika chochote. Na mshono wenyewe una vifundo, umeanzwa na kuachwa mara nyingi."

Osward akaacha kuandika. "Kwa nini msumeno, na kwa nini asigonge?"

"Grinda inapiga kelele. Nyundo inapiga kelele. Aliogopa kusikika."

"Basi ni usiku."

"Usiku Ezron alilala karakana, ubavuni mwa hicho chombo, tangu kilipopata magurudumu. Jumanne jioni kilipanda mteremko huo na kushuka mara nne, nusu ya kijiji inaangalia, na hakikutikisika. Leo asubuhi kimekatika. Kilibaki peke yake mara moja tu: jana Jumatano, toka saa saba hadi saa kumi, tulipokwenda kumzika Mzee Mbonile."

Sasa mgeni angeuliza, kama watu wote wako makaburini, kelele inamtisha nani? Osward aliuliza hivyo hivyo.

"Makaburi yako mita mia mbili kutoka karakana," Ferista alisema. "Na siku ya maziko hapa hakuna anayegonga nyundo. Hata mahindi hayatwangwi. Ukisikika unagonga chuma mwili haujafukiwa, watu wote watageuka na kuuliza ni nani huyo. Angeweza kukata taratibu, angeweza kuchomelea, moto wenyewe unatatarika tu kama mafuta kikaangoni. Kugonga asingeweza."

"Kaka yako alikuwa wapi?"

"Kaburini, na koleo. Waulize wachimbaji."

"Nitawauliza. Na ngao ya uso, ya kuchomelea?"

Ferista alimtazama. Afande hakuwa mjinga. "Tunayo moja. Jumanne Gwamaka aliifungia kwenye sanduku, ufunguo uko kwenye mkanda wake, na mkanda mmeuchukua nyinyi. Sanduku halijavunjwa."

"Kwa hiyo huyu amechomelea bila ngao."

"Ndiyo maana ya vifundo. Anatazama, anafumba, anaanza tena. Na moto ule hausamehe. Huumii palepale. Baada ya saa sita au nane unahisi kama umetiwa mchanga wa moto machoni, machozi hayakomi mpaka kesho yake."

Osward alifunga daftari. "Tangu jana kila mtu ana macho mekundu, binti. Tuko msibani."

Basi Ferista akamtajia mtu aliyewahi kumtishia Ezron.

Saa kumi walimkuta Rabson, dereva wa bodaboda, akiosha pikipiki mtoni. Mwezi uliopita Ezron alimkamata amepakia mbao, na Rabson akamwambia mbele za watu kwamba hicho kidude chake kitamtoa roho. Macho yake yalikuwa meupe kama ya mtoto. Ferista aliona hilo kabla hajafungua mdomo.

"Jana saa saba mpaka saa kumi?" Osward aliuliza.

"Nilimbeba mchungaji, Afande. Nikamsubiri makaburini, nikamrudisha."

"Ulimtishia Ezron."

"Nilikuwa na hasira. Ezron alininyang'anya mzigo wakati mbao zilikuwa na muhuri wa kamati. Kila ubao. Mimi nabeba tu, dada Ferista, napeleka mpaka Mto Songwe, wanazivusha Malawi."

"Muhuri anautunza nani?" Osward aliuliza.

Rabson akarudia kuosha tairi ambalo lilikwisha kutakata. "Nina watoto, Afande," alisema mwishowe.

Ferista hakulala vizuri, mpaka alfajiri akakumbuka kwamba fundi aliyeungua macho hudondoshewa maziwa. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa Ketrina, muuza maziwa, na njiani alikuwa amewapita wanaume watatu wamesimama karibu na karakana, kila mmoja na kidumu cha petroli. Hawakumsalimia.

"Mama Ketrina, jana alfajiri nani alikuja kuchukua maziwa ambaye si mteja wako?"

"Mke wa Sadoki," Ketrina alijibu, akikamua. "Saa kumi na moja, giza bado. Alisema si ya kunywa, ni ya kumdondoshea mumewe machoni, hajafumba usiku kucha. Maskini, alilia mno. Na Mbonile hata si ndugu yake."

Ferista akakumbuka maziko ya Jumatano. Mwongoza shughuli alimwita mwenyekiti wa kamati ya msitu aje kutia udongo kaburini. Akamwita mara mbili. Watu wakageuza shingo huku na huku. Ndipo Ezron akatoka kwenye mstari, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mwenyekiti yuko jirani hapa, namtilia mimi." Akamtilia udongo mtu aliyekuwa wakati uleule anamkatia shingo ya chombo chake.

Saa nne uwanja wa Ezron ulikuwa umejaa tena. Jeneza lilikuwa ndani. Osward alisimama kando, akamwacha Ferista aongee, maana aliona kuwa watu hawa hawatamsikiliza polisi.

"Shikamoo, Baba Sadoki."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Juzi, kwa Mzee Mbonile, ulitia udongo kaburini?"

"Nilitia. Ningeachaje? Watu wote wameniona."

Mchimbaji mmoja akasema, bila kuinua sauti, "Hukutia, mwenyekiti. Ulikuwa hupo. Alitia Ezron."

"Nilikwenda haja."

"Saa mbili nzima?" Ferista aliuliza. "Baba, unalia machozi gani yanayotibiwa kwa maziwa? Umechomelea madirisha Tunduma miaka tisa, unajua. Ni ya moto."

"Binti huyu anamtetea kaka yake," Sadoki aliwaambia watu. "Mtu akilia sasa ni kosa?"

"Kulia si kosa. Toa skafu."

Hakuitoa. Mbebe kuna baridi, hakuna anayeshangaa skafu, lakini saa ile jua lilikuwa limeshatoka na jasho lilikuwa linamtiririka shavuni. Eva alinyanyuka pale chini alipokaa tangu jana. Akamwendea, akaivuta skafu kwa mkono mmoja. Kifua cha Sadoki, pale shati lilipokuwa wazi juzi alipochomelea, kilikuwa kimeungua pembe tatu nyeusi, ngozi imeanza kubanduka. Kila aliyewahi kusimama karibu na fundi wa kuchomelea alijua ile ni nini.

"Nilitaka kivunjike," Sadoki alisema, akakaa. "Kivunjike palepale uwanjani, watu wacheke, aache. Sikutaka afe."

"Ulikata shingo," Ferista alisema. "Ukamwacha apande mlimani. Jana asubuhi alipita mbele ya nyumba yako, na ukampungia mkono."

"Angefika kwenye chemchemi kabla hawajaondoka. Angekuta kambi, na muhuri wangu kwenye kila gogo. Wale wa ng'ambo ya mto waliniambia, huyo mlinzi akitukuta tunaanza na wewe na wanao. Ningefanya nini? Alikuwa anakwenda kwa miguu, anachelewa, anarudi, wote tunaishi. Halafu mkamtengenezea kile kitu."

Osward akamvisha pingu, na kaka zake Ezron walilazimika kushikwa na watu sita.

Ezron alizikwa saa nane. Gwamaka aliachiwa saa kumi na moja, akafika karakana akiwa hana mkanda, suruali ameishika kwa mkono. Wale wenye vidumu walikuwa wameshaondoka. Ferista alimkumbatia, na hapo ndipo akalia, kilio cha siku mbili, akamlowesha shati lote.

"Sichomelei tena," Gwamaka alisema. "Uza mashine."

Walikuwa bado wamesimama vile Eva alipoingia, nguo za msiba mwilini, udongo wa kaburini bado viatuni. Gwamaka alirudi nyuma mpaka ukutani. Eva hakumwomba msamaha, na hakuna aliyeutarajia siku ile.

"Wale wa ng'ambo bado wako kule juu," alisema. "Maji ya bomba letu leo yametoka kama uzi. Kijiji kimeniuliza nani atakuwa mlinzi, nikawaambia ni mimi."

"Dada, watakuua," Gwamaka alisema.

"Watajaribu. Injini ni nzima?"

Gwamaka alimtazama Ferista. Ferista alitazama sakafu, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Ni nzima," Gwamaka alisema.

Eva akavua viatu, akasimama wima katikati ya karakana na kuinua gauni mpaka magotini. "Mimi ni mfupi kuliko Ezron," alisema. "Nipimeni."